Inatetemeka, Inacheza au Inavuma?

Mzee aliitikia shikamoo yangu, akapangusa mikono kwa tambara lenye grisi, akaketi juu ya tairi kuukuu chini ya mwembe. Boneti hakuigusa. Chini ya gari hakuchungulia. Aliniuliza tu:

"Mwanangu, gari yako inatetemeka, inacheza, au inavuma?"

Nikamjibu kwamba inatetemeka, nikidhani nimemaliza. Akatabasamu.

"Inatetemeka vipi? Kama mtu mwenye homa, au kama ungo wa kupepetea?"

Kwa miezi miwili nilikuwa nimezunguka na gari hilo, Toyota ndogo ya mtumba kutoka Japani, nikijibu maswali ya mafundi. Karibu yote yalikuwa ya aina moja: tubadilishe hiki, au tubadilishe kile? Lilishapata shokapu mpya za mbele na tairodi mpya pande zote mbili, na magurudumu yalishabalansiwa mara tatu. Kila mara nilirudi nyumbani na risiti, na kila mara usukani ulianza tena nilipofika spidi 85. Hakuna aliyekuwa amenitaka nieleze inatetemeka namna gani.

Gereji yenyewe iko Tabata, na haina kibao. Dar es Salaam sehemu kama hizi tunaziita gereji bubu, kama tunavyosema bandari bubu: mahali panapofanya kazi bila kibali wala jina ukutani. Neno hilo nimelitamka miaka yote bila kulifikiria. Siku hiyo lilinichekesha, maana ndani ya gereji bubu nilikuwa nimekutana na fundi wa kwanza aliyetaka kusikiliza.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya mtikisiko, na mzee anavitumia kama spana, kila kimoja na nati yake. Kucheza ni kwa usukani unaokwenda kushoto na kulia mkononi, taratibu kiasi kwamba unakaribia kuhesabu. Kutetemeka ni kwa haraka zaidi: kioo cha kati kinafifisha taa za gari la nyuma, na maji kwenye chupa yanaota vipele. Kuvuma hukuoni kabisa. Unakusikia sakafuni na mgongoni, kama nyuki ndani ya mzinga. Kugonga ni kwa chuma kilicholegea kinachokutana na chuma kingine. Mteja akichagua kitenzi chake vizuri, nusu ya gari imeshaondolewa kwenye orodha.

Sababu yake iko kwenye hesabu. Tairi la 195/65 la ringi inchi 15 lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa spidi ya kilomita 100 kwa saa, gari linapita karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 14 katika sekunde hiyo moja. Kasoro yoyote iliyo kwenye gurudumu itajirudia mara 14, na mikono yetu huiita kucheza au kutetemeka. Propela ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace za daladala, huzunguka takriban mara 4 gurudumu likizunguka mara moja. Hapo tunazungumzia zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Mwili hauwezi tena kuhesabu, unasikia mvumo tu. Injini ya silinda 4 iliyo sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika hulipua mafuta mara 25 kwa sekunde. Silinda moja ikifa, pengo lake linarudi mara 6 hivi kwa sekunde, na gari zima linatikisika kama mtu anayechechemea. Ndiyo ile tunayosema gari ina misi.

Mzee hafanyi hesabu hizi kwa kalamu. Anazo mwilini, kama mpiga ngoma asiyejua kusoma nota lakini anayejua ni nani kakosa pigo.

Swali lake la pili lilikuwa: lini? Likitetemeka limesimama, alisema, magurudumu hayana kosa. Kitu kisichozunguka hakiwezi kulaumiwa. Hapo angalia injini na mauntini zake, zile raba zinazoibeba. Mauntini ikichoka utaijua ukiwa kwenye foleni: gia iko D, mguu uko kwenye breki, kiyoyozi kinafanya kazi, na kiti kinakutekenya. Weka N, kunatulia. Gusa mafuta kidogo, kunatulia. Fundi asiyeuliza lini anaweza kukuuzia plagi nne mpya kwa ugonjwa wa raba moja.

Usukani ukicheza pale tu unapokanyaga breki ukitoka kwenye mwendo mkubwa, shitaka ni la diski. Watu husema diski imepinda, lakini mara nyingi imelika bila usawa. Kutu kidogo kati ya diski na habu, kile kitako linapofungwa gurudumu, au nati zilizokazwa upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine, huifanya diski izunguke ikiyumba kwa kiasi ambacho jicho halioni. Kwa magari mengi madogo, kuyumba kwa milimita 0.05 ndiyo mpaka. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Pedi huipangusa diski hiyo mahali palepale, maelfu ya kilomita, hadi upande mmoja unakuwa mwembamba. Ndiyo maana mtu anayenunua diski mpya na kuifunga juu ya habu yenye kutu hurudi baada ya miezi michache na malalamiko yaleyale, akilaani spea feki.

Gari likitetemeka unapokanyaga mafuta, na likatulia ukiachia, mzee huelekeza macho kwenye shafti, hasa jointi ya ndani. Ikilia ka-ka-ka unapokata kona kali, ni jointi ya nje. Gari likivuma, na mvumo ukapanda kadiri spidi inavyopanda bila kujali gia, shuku bearing ya gurudumu. Hapo kona inakuwa shahidi: gari likikata kushoto uzito unahamia kulia, likikata kulia unahamia kushoto, na bearing mbovu hulalamika inapobebeshwa.

Langu lilianza kwenye 85, likawa kali kwenye 95, likapungua tena kwenye 110. Mzee akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyepata jina la ukoo. Mtikisiko unaokuja na kuondoka hivyo una tabia ya bembea. Mtoto aliye kwenye bembea ukimsukuma ovyo hapandi. Ukimsukuma kila anaporudi, kidole kimoja kinatosha kumpeleka juu. Usukani na miguu ya mbele ya gari navyo vina mwendo vinaoupenda, na kwenye spidi fulani magurudumu huvisukuma kwa wakati wake hasa. Ukizidisha spidi, msukumo unakuja mapema mno na bembea inakataa. Dereva anayesema "nikikimbia zaidi inapona" hajapona, amevuka tu.

Jumapili asubuhi, kabla ya malori kujaa, tulitoka kwa Barabara ya Morogoro, tukapita Kimara na Kibaha, hadi mahali penye lami nzuri ambapo alama zinaruhusu mwendo tuliouhitaji. Nilitegemea ataendesha yeye. Alikaa kiti cha abiria, akavua kandambili, akaweka nyayo wazi sakafuni. "Wewe endesha kama siku zote," alisema. Vidole vya mkono wake wa kulia aliviegemeza kwenye dashibodi, kwa wepesi wa mtu anayepima joto la mtoto. Kwenye 95 usukani ulianza, naye akafumba macho. Akaniambia niweke N bila kuzima gari, maana ufunguo ukizimwa usukani unaweza kujifunga. Injini ikashuka hadi sailensa, gari likaendelea kuteleza, na mtikisiko haukubadilika hata kidogo. Kwa tendo hilo moja, lisilogharimu hata shilingi, injini, mauntini, plagi na koili viliachiwa huru. Niligusa breki polepole: hakuna kilichoongezeka. Diski nazo zikaenda nyumbani. Kisha alihamia kiti cha nyuma, tukarudia. Kule nyuma hakusikia kitu. Tatizo lilikuwa mbele, na lilikuwa kwenye kitu kinachozunguka na gurudumu.

Chini ya mwembe gari lilipandishwa jeki, vigingi vikawekwa. Mzee alishika tairi juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia akalitikisa tena. Kijana wake, saidia fundi, alinieleza kwa fahari: saa sita na saa kumi na mbili ni bearing na bol jointi, saa tatu na saa tisa ni tairodi. Nikamuuliza ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu. Tukacheka wote, kwa sababu hapa hazigombani: saa zetu zimepishana sita, na sita ni nusu ya duara, basi mkono wa juu na wa chini unabaki palepale. Hakuna kilicholegea. Tairodi zangu zilikuwa nzima kabisa, na bila shaka zile za zamani nilizozitupa zilikuwa nzima pia.

Kabla ya hapo alikuwa amenihoji kuhusu safari. Nilikwenda wapi mvua zilipokuwa kubwa? Tope likiganda ndani ya ringi, kule ambako mwoshaji wa magari hafikishi brashi, linatosha kulitikisa gari mpaka mwenyewe aogope. Alipapasa ndani kwa vidole: safi. Alisoma tarehe za tairi, zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hazikuwa zimezeeka. Akapitisha kiganja juu ya kashata za tairi, taratibu, mzunguko mzima, akitafuta kinundu. Hapo alikuwa mkali kidogo. Tairi lenye kinundu, alisema, nyuzi zake zimeachana ndani; hilo halibalansiwi, linatupwa. Na mtikisiko unaozuka ghafla safarini, unaozidi kila kilomita, usiuchunguze ukiwa kwenye mwendo: simama pembeni, angalia nati.

Halafu akafanya jaribio ambalo ningeweza kulifanya mwenyewe miezi miwili kabla. Alihamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Tulirudi barabarani, na usukani ulikuwa umetulia zaidi ya zamani, lakini kiti sasa kilikuwa kinanisukuma mgongoni. Ugonjwa ulikuwa umehama na magurudumu.

"Lakini yamebalansiwa mara tatu," nilimwambia.

"Na kila mara ilikuwaje?"

Nilifikiri. Mara ya kwanza ilitulia kidogo. Mara ya pili ikazidi. Mara ya tatu ikawa nafuu kwa wiki, nikapata pancha, tairi likafunguliwa na kufungwa, ikarudi vibaya kuliko mwanzo.

Hapo ndipo aliponyamaza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeyasimulia hayo kama mlolongo wa bahati mbaya. Yeye alikuwa amesikia ushahidi: ugonjwa unaobadilika kila nati zinapofunguliwa hauko kwenye tairi, wala hauko kwenye gari. Uko mahali vinapokutana.

Alipeleka gurudumu kwa jirani mwenye mashine ya kubalansi. Mashine ilisema sifuri pande zote. Akalirudisha, akalifunga kwenye habu, akasimamisha kipande cha waya karibu na ukingo wa ringi, akamwambia kijana alizungushe. Upenyo kati ya waya na ringi ulipanuka, ukafinyika, ukapanuka. Kwenye mashine gurudumu lilikuwa duara kamili. Kwenye gari lilikuwa yai.

Jibu lilikuwa kwenye tundu la kati. Ringi hizo za sporti nilizinunua kwa sababu ya urembo. Habu za Toyota ndogo nyingi zina kipenyo cha milimita 54.1, na ringi ya kiwandani hukaa juu yake kama kofia. Ringi za sporti hutengenezwa kwa magari ya kila aina, kwa hiyo tundu huachwa kubwa, mara nyingi milimita 73.1, na pete ya kujazia nafasi hiyo huwekwa kati. Pete zangu hazikuwapo. Mashine ya kubalansi hushika gurudumu kwa koni inayojaa kwenye tundu, ikiliweka katikati barabara. Gari lilikuwa linalishika kwa nati peke yake, na nati zilikuwa zinaliweka popote mkono wa siku hiyo ulipotaka.

Nilipofika nyumbani niliifanya hesabu yake. Gurudumu la kilo 16 likikaa nusu milimita tu nje ya kitovu chake ni sawa na kubandika risasi ya gramu 42 kwenye ukingo wa ringi hiyo. Kwa kilomita 50 kwa saa, risasi hiyo inavuta kwa nguvu ya kilo moja na nusu. Kwa 100, spidi imezidishwa mara mbili lakini nguvu imezidishwa mara nne: kilo 6, zikivuta juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kila sekunde. Nusu milimita. Nilibadilisha shokapu kwa ajili ya nusu milimita.

Pete hazikupatikana dukani kwa vipimo vile. Mzee alikwenda eneo la Gerezani kwa fundi wa kukereza, akiwa na venia yake mfukoni na kipande cha alumini. Niliona pete ya kwanza ikitoka kwenye mashine: nje 73.1, ndani 54.1, ukuta wake milimita 9 na nusu. Aliijaribisha kwenye habu, ikagoma kwa unywele. Akairudisha ikapigwa msasa. Mara ya pili iliingia ikitoa pumzi ndogo, hewa ikitoka taratibu, kama kifuniko cha kopo la chai. Kabla ya kufunga alisugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Nati alizikaza kwa mtindo wa nyota, gurudumu likiwa bado hewani, kisha akamalizia chini kwa spana yenye kipimo, 103 Nm kila moja. Sikumwona akikanyaga spana kwa mguu, ile kanyaga tunayoichukulia kuwa ishara ya kazi imara.

Nimesoma baadaye kwamba kupigana na mtikisiko kwa mtikisiko ni fikra ya zamani kwenye magari. Injini ya silinda 4 hata ikiwa mpya ina mtetemo wake wa asili, kwa sababu pistoni huenda kasi zaidi nusu ya juu ya safari yake kuliko nusu ya chini. Mwingereza Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20, alibuni shafti mbili zenye uzito wa upande mmoja, zinazozunguka kinyume kwa mara mbili ya kasi ya injini, zitetemeke kinyume chake hadi mitetemo hiyo iuane. Mitsubishi waliirudisha fikra hiyo sokoni miaka ya 1970. Risasi ndogo iliyobanwa kwenye ringi yako ni ndugu wa shafti hizo. Gari lililotulia halina kitu kilichotulia ndani yake. Lina vitu vingi vilivyopatanishwa.

Na upatanishi huo hufanyika kwa mambo madogo. Nimemwona mzee akipiga mstari wa chaki kwenye propela ya Hiace kabla ya kuifungua, ili irudi na meno yaleyale. Ikirudi imegeuzwa, krosi nzima zitaanza kuvuma na mwenye gari atauziwa krosi mpya. Nimemwona akichomoa waya za koili moja baada ya nyingine injini ikiunguruma: ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, silinda yake ilishakufa zamani. Nimemwona ameweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, uso umetulia. Kuna vifaa vya kielektroniki vinavyopima mtetemo na kutoa namba ya marudio kwa sekunde, na hata simu ina kihisi cha kufanya hivyo. Mzee havidharau. Namba hiyo ni kitenzi tu kilichoandikwa kwa tarakimu. Bado atahitajika mtu wa kuuliza lini.

Nilipouliza deni langu, alitaja pesa ya kukereza na pesa ya kufunga.

"Na ya kutafuta?"

"Ya kutafuta watu hawalipi, mwanangu. Wanalipa wakiona spea iko kwenye boksi."

Nililipa ya kutafuta. Lakini maneno yake yalinifuata njia nzima, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watu hao. Fundi akibadilisha tairodi tunamlipa bila kubisha. Akikaa juu ya tairi kuukuu akifikiri, tunaangalia saa. Halafu tunashangaa kwa nini mafundi wengi wanapenda kubadilisha.

Usukani ulitulia. Kwenye 95 niliuachia kidogo, nikaona picha kwenye kioo cha kati imesimama kama imechorwa. Na ndani ya utulivu huo nikaanza kusikia vitu ambavyo fujo ya mwanzo ilikuwa imevifunika: sarafu kwenye droo ya mlango, mkanda wa kiti cha nyuma ukigonga plastiki, na, kwa mbali, kitu kingine.

Wiki tatu baadaye nilirudi chini ya mwembe. Mzee alikuwa amelala chini ya daladala, miguu tu ikionekana. Nikatoa shikamoo kwa miguu hiyo.

"Marahaba. Inasemaje?"

"Inavuma, mzee. Kuanzia 60. Nikiweka N haiachi. Nikikata kushoto inazidi, nikikata kulia inanyamaza."

Kimya kidogo. Kisha sauti kutoka chini ya daladala, ikimwita kijana:

"Lete jeki. Upande wa kulia."